Hakuna Kuulizwa Ulikuwa Wapi

Jumatatu, 3 Februari

Kaka yangu,

Habari za huko, na wifi yangu hajambo? Sisi huku wazima. Mama goti linamsumbua asubuhi, ila ikifika mchana anatembea kuliko mimi, hasa akisikia kwa jirani kuna habari mpya. Anauliza utakuja lini. Nikimwambia utakuja sofa za watu zikiisha, anasema basi hutakuja.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu wewe ni mtu wa "sawa, sawa, dada, nakusikia," halafu mtandao unakatika palepale maneno ya maana yanapoanza. Karatasi haikatiki.

Nimepewa kazi mpya. Mkuu wa shule amenikabidhi watoro wa kidato cha tatu. Majina yao yanasomwa kila asubuhi na hakuna anayeitikia, na anayeonekana ni yule anayekuja Jumatatu, apotee Jumanne, arudi baada ya wiki mbili kuchungulia kama dawati lake bado lipo. Mwalimu wa nidhamu aliwafuata na fimbo, wakazidi kutoweka. Sasa Mkuu amesema muhula ukifungwa Juni, asiyekuwa ametulia darasani jina lake linafutwa. Nilikubali kazi kabla hajamaliza sentensi, unanijua. Walimu wenzangu wananicheka chinichini. Waache wacheke, hao watoto nitawarudisha.

Na Chiriku wangu? Najua alikuja kwako kwa sababu hakutaka kusoma shule ambayo mama yake anazunguka madarasani na rejista mkononi, na sikumlaumu. Lakini naye mwaka huu ni kidato cha tatu, masomo yanakuwa mazito. Niambie hesabu zinakwendaje, na kama bado anaongea mezani mpaka chakula kinapoa. Nyumba hii imekuwa kimya mno bila yeye.

Mama anasema vaa sweta. Mimi nasema jibu haraka.

Dada yako

*

Alhamisi, 27 Februari

Dada,

Pole kwa kuchelewa. Wifi yako hajambo, anasema asante kwa kitenge, amekishona tayari na amewafanya majirani wote waulize kimetoka wapi. Mimi mzima, ila mgongo unanikumbusha umri kila nikiinama kwenye fremu. Nimepata kazi ya viti vya ukumbi wa harusi, vingi, vyote vya rangi ya dhahabu. Nikilala naota dhahabu na nikiamka mfukoni nina misumari tu.

Hongera kwa kazi mpya. Sina wasiwasi na wewe. Tulipokuwa wadogo ulikuwa unanitoa chini ya kitanda kwenda kuoga, na mimi nilikuwa nakushinda nguvu. Hao watoto hawajui kinachowajia.

Chiriku hajambo kabisa. Amerefuka, anakula vizuri, wifi yako anampenda kama mwanawe. Mikono yake ni myepesi. Nimemfundisha kukata sponji na kushona pindo la mto, na pindo lake ni zuri kuliko la kijana niliyemwajiri. Jana asubuhi lori la sponji lilikuja nikiwa peke yangu, akanisaidia kupokea mzigo wote, akamgombeza hata dereva kwa kuturushia marobota kwenye matope. Tulicheka sana.

Anakusalimu. Mwambie Mama sweta ninayo.

Kaka yako

*

Jumamosi, 15 Machi

Kaka,

Barua yako imefika, nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikicheka. Mama hajambo. Jirani wa chini amenunua jogoo asiyejua saa, anawika wakati wa chakula cha mchana, na Mama ameapa mmoja wao lazima ahame.

Kazi yangu imeanza kuzaa. Kuna mmoja namwita Kapteni, kwa sababu ya kofia asiyoivua. Hakuwa amekaa darasani wiki nzima tangu mwaka uanze. Nilimkuta anapoosha magari, pale karibu na mzunguko wa barabara. Aliponiona akachukua ndoo kama anakwenda kuteka maji, akaenda nayo asirudi. Siku iliyofuata nikaenda na gari la mwenzangu, likiwa limejaa matope. Kazi ni kazi, asingeweza kulikimbia. Nikakaa ndani, akaosha, tukaongea kupitia dirishani. Nilikuwa nimejiandaa na hotuba nzima juu ya umuhimu wa elimu. Bahati nzuri nilimwachia aanze.

Akaniambia, "Mwalimu, darasani naweza kurudi hata kesho. Mstarini ndipo siwezi."

Wewe hujui utaratibu wetu, ngoja nikueleze. Mwanafunzi akikosa siku kadhaa, siku ya kurudi anasimamishwa mstarini asubuhi, mbele ya shule nzima, na mzazi wake pembeni, aeleze alikuwa wapi. Ndivyo ilivyo miaka yote, na hata mimi niliona sawa. Kapteni alikosa mara ya kwanza siku mbili tu, mama yake alikuwa mgonjwa. Akaogopa kusimama. Siku mbili zikawa tano, na kadiri zilivyoongezeka ndivyo maelezo ya kutoa yalivyokuwa makubwa na yeye akazidi kuwa mdogo. Unaona, Kaka? Sisi tulikuwa tunawafungia mlango halafu tunauliza kwa nini hawaingii.

Nilikwenda kwa Mkuu nikiwa bado na matope kwenye viatu. Tulibishana mpaka chai ikaisha, akanipa muhula huu kujaribu. Sheria yangu ni moja na nimeibandika ofisi ya walimu: HAKUNA KUULIZWA ULIKUWA WAPI. Anayerudi anaingia darasani moja kwa moja, mwalimu anamwambia ukurasa tuliopo, jirani yake anamwonyesha daftari, basi. Sababu atasema mwenyewe akiwa tayari, au asiseme. Kuna wanaosema nimewapa watoro zawadi. Kapteni yuko darasani wiki ya pili sasa, na kofia yake nimejifanya sijaiona.

Sasa tuje kwetu. Barua yako umeandika Alhamisi. Jana yake ni Jumatano. Kazi yangu siku hizi ni kutazama nafasi ambayo mtu angepaswa kuwepo na hayupo, na nimeitazama barua yako hivyohivyo. Nimekuuliza hesabu, umenijibu sponji. Kaka, mwanangu alikuwa anafanya nini karakana asubuhi ya Jumatano?

Dada yako

*

Jumatano, 2 Aprili

Kaka,

Natumaini wote hamjambo. Mama anakusalimu.

Nimepiga simu. Unasema mtandao mbaya. Nimempigia wifi, anasema wewe ndiye unayejua. Nikaomba niongee na Chiriku, nikaambiwa ametumwa dukani, na huyo mtoto kila nikipiga yuko dukani. Duka gani hilo lisilo na mwisho?

Nijibu.

*

Jumatano, 9 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo kwa Mama, na nakuomba usimsomee barua hii.

Chiriku haendi shule. Tangu katikati ya Januari amekwenda siku za kuhesabika kwa vidole. Mwanzoni alikuwa anatoka na sare asubuhi na kurudi jioni, na mimi nikamwamini. Siku moja nilikwenda kupeleka kiti kwa mteja, nikamkuta amekaa kituo cha mabasi na mkoba magotini, anatazama mabasi yanavyokwenda. Basi tangu hapo nikaona heri akae karakana ninapomwona kuliko huko nisikojua.

Sababu ameniambia. Si mimba, si mvulana, si ugonjwa, ondoa hofu hiyo. Lakini nimemwahidi sitaisema kwa mtu, na mtu wa kwanza aliyemtaja ni wewe. Kwa hiyo usinibane, sitasema. Niliogopa ukijua utaacha kila kitu upande basi, na yeye alisema ukija ataondoka. Nikawa katikati, nikajifanya mtandao mbaya.

Sikukaa tu. Mwezi uliopita nilimshika mkono mpaka getini. Wakatuambia aje mstarini na mlezi wake aeleze. Akageuka palepale. Nilimfokea barabarani, watu wakasimama kutazama, na nina aibu hata kuandika. Siku tatu hakuniongelesha. Mtoto tuliyempa jina la Chiriku kwa sababu hanyamazi, siku tatu nasikia mkasi tu.

Wenzake wanasajiliwa mtihani mwishoni mwa Mei. Nimeulizia. Jina lisilo na mahudhurio halisajiliwi. Ningekuambia mapema, dada. Nimeshindwa, ndiyo maana nakuambia leo.

Kaka yako

*

Ijumaa, 18 Aprili

Kaka,

Mama hajambo, goti limepungua, jogoo bado yupo. Nimemwambia Mama umeandika kuhusu viti vya harusi.

Wiki hii nilikuwa na kesi. Kuna binti anasuka nywele saluni, mhudhuriaji wa mara moja moja, nilikuwa nimempata baada ya kusukwa kichwa changu mara mbili bila sababu. Akarudi. Mwalimu wa jiografia alipomwona tu mlangoni akasema, "Karibu mgeni rasmi, tukupigie makofi?" Darasa likacheka. Mapumziko hayakufika, binti alikuwa ameshaondoka. Nilimwambia mwalimu wa jiografia kwamba aliyemtoa ndiye atakayemrudisha. Akasema ulikuwa utani. Nikasema vizuri, akautanie hukohuko. Alikwenda, Kaka. Alikaa kwenye kigoda cha saluni na tai yake, wanawake wenye nywele nusu wakimtazama, akamwomba radhi mtoto. Alimwambia hataulizwa kitu wala hataitwa kitu. Binti amerudi, na mwalimu wa jiografia siku hizi ananiamkia kwa adabu.

Nimeanza na hilo kwa sababu nilitaka nipoe kwanza. Sijapoa. Ulinificha, Kaka. Mimi nahangaika na watoto wa watu kwenye matope, wa kwangu amekaa kwako anakata sponji, na wewe unaniandikia amerefuka. Nina hasira na wewe ambazo sitazimaliza leo.

Siwezi kuja sasa, nikiondoka kabla ya Juni hawa nilionao watatawanyika na Mkuu atawafuta. Nimemwandikia Chiriku barua, iko humu ndani. Mpe mkononi mwake. Anijibu kila nilichomwuliza.

Dada yako

*

Jumatano, 30 Aprili

Dada,

Sisi wazima. Wifi yako anasema hasira zako ni haki yako, ila yeye usimmwagie.

Barua ya Chiriku sikumpa. Niliifungua nikaisoma, na unitukane kwa hilo ukimaliza kusoma hii. Umeanza kwa kumwuliza alikuwa wapi muda wote huu. Ukaendelea kumwuliza anadhani anamdanganya nani, anajua umejinyima mangapi, kituo cha mabasi alikuwa anamsubiri nani. Umemaliza kwa kumwambia aeleze kila kitu kabla hujafika. Hakuna salamu hata moja. Bibi yake hayumo. Jogoo hayumo.

Nimeuliza nafsi yangu, hivi huyu ndiye dada aliyebandika karatasi ofisi ya walimu? Dada, hii barua ni mstarini. Tofauti ni kwamba shule nzima ni wewe peke yako.

Mimi si mwalimu na sikufundishi kazi. Barabarani nilifanya hivihivi na nikaona matokeo yake, ndiyo maana naogopa kumpa. Yule Kapteni ulimkuta ukiwa umenyamaza ndani ya gari. Huyu wa kwako unataka kumkuta na kipaza sauti, kwa sababu ni wako na unaumia. Naelewa. Lakini naomba uandike nyingine.

Hii nimeirudisha humu. Ichane wewe mwenyewe.

Kaka yako

*

Jumapili, 11 Mei

Kaka,

Mama hajambo.

Nilipoiona barua yangu imerudi nilikutukana kwa sauti, Mama akauliza nani tena. Halafu niliisoma kana kwamba mimi ndiye yeye. Nimeichana. Sitasema zaidi ya hapo, umeshinda, usije ukajisifu kwa wifi.

Nimempigia mwalimu wa darasa lake. Nilimweleza tunachofanya huku, mwalimu kwa mwalimu. Alikuwa mkali mwanzoni, akaniambia shule ina taratibu zake. Nikamwambia na sisi tulikuwa nazo, nikamsimulia kituko cha saluni. Akacheka mpaka akakohoa, kumbe naye ana watu wake wa jiografia. Amekubali. Chiriku akifika Jumatatu yoyote kabla ya usajili, anapita mlango wa pembeni, anaingia darasani, anakaa. Dawati lake ni la dirishani, jirani yake ameweka daftari tayari. Kama ataendelea kuja mpaka usajili, jina lake litaingia. Kuendelea kuja ni juu yake, hilo hakuna wa kumfanyia.

Barua ya pili iko humu. Sijaifunga, isome ukitaka:

"Chiriku wangu. Bibi anakusalimu, goti lake halijambo. Jirani ana jogoo anayewika mchana na Bibi amemwita majina ambayo siwezi kuyaandika. Nimesikia mapindo yako yanamshinda kijana wa mjomba. Nishonee mto wa kiti changu cha ofisini, kimenichoma mwaka mzima. Mwalimu wako anakusubiri Jumatatu, mlango wa pembeni, dawati la dirishani. Hutasimama mstarini na hutaulizwa kitu, wala na mimi. Nimekukumbuka sana. Mama."

*

Jumatatu, 2 Juni

Dada,

Kaa chini kwanza. Amekwenda.

Barua nilimpa Jumatano, akaisoma mlangoni, akaikunja, akaendelea kukata sponji. Mimi nikapigilia misumari pasipohitaji msumari. Jioni akauliza, "Mjomba, huyo jogoo ni kweli?" Nikamwambia Bibi yako hasemi uongo kuhusu kuku. Akacheka kidogo, peke yake.

Jumatatu iliyofuata alitoka na sare. Nilitaka kumfuata, wifi yako akanishika shati kwa nyuma. Siku nzima nilikuwa sifai. Nilimshonea mteja mto ndani nje. Jioni akaingia, akatupa mkoba, na maneno yalinijaa mdomoni mpaka mashavu yakavimba. Nikampa mkasi nikamwambia kata hapa. Akakata. Baadaye akasema, kama anaongea na kitambaa, kwamba hesabu wamefika mbali ila si mbali sana.

Jumanne akaenda. Alhamisi hakwenda, nikafa moyo. Nikampa sponji akate. Ijumaa akaenda mwenyewe, na tangu hapo hajakosa. Mwalimu wake amenipigia, jina limesajiliwa. Na mimi mtandao siku hiyo ulikuwa mzuri sana.

Anakuja likizo kwa basi la Jumamosi ya katikati ya mwezi. Mto wako umekamilika, ni wa dhahabu. Usiulize kitambaa kimetoka wapi.

Kaka yako

*

Ijumaa, 20 Juni

Kaka yangu,

Habari za huko, na wifi? Mto nimeukalia nikiandika. Ofisini nimekuwa malkia, Mkuu mwenyewe ameuonea wivu.

Muhula umefungwa. Sikuwapata wote, wawili wamenikataa kabisa, mmoja amehama mji. Lakini Kapteni yumo, binti wa saluni yumo, na wengine wengi wamo, na Mkuu ameiondoa karatasi yangu ukutani. Nilishtuka, kumbe anakwenda kuiandikisha vizuri iwekwe kwenye fremu. Waliocheka chinichini sasa wanataka kujua nitaanza lini na kidato cha pili.

Chiriku alifika Jumamosi jioni. Amerefuka kweli, hapo hukudanganya. Mama alimkumbatia, akamsukuma nyuma amtazame, na nikaona mdomo wake unafunguka. Unajua Mama yetu, hana breki. Nilimkanyaga mguu wa goti zima. Akanitazama kwa hasira, akaelewa, akamwambia mjukuu wake, "Njoo nikuonyeshe huyo mpumbavu wa jogoo."

Tulikaa mezani. Nilikuwa nimepika kila kitu anachopenda. Nikaongea habari za Mkuu, za kofia ya Kapteni, nikaongea mpaka nikajichosha, na yeye anakula kimya, ameinamia sahani. Kaka, kazi yangu yote ya muhula huu ilikuwa rahisi kuliko kukaa pale na ulimi wangu. Halafu akaweka kijiko chini.

"Mama, huniulizi?"

"Nikuulize nini?"

"Nilikuwa wapi."

Nikamwambia, "Nakuuliza kama nikuongeze mboga."

Akasogeza sahani niiongeze, na kabla sijaiweka chini alikuwa ameanza. Alianza na Januari. Mama akaacha kutafuna. Alieleza hili, akarudi nyuma kueleza lile, akasahau, akaanza upya, mikono inaruka kama zamani, akanilaumu mahali na mimi nikastahili, akalia kidogo, akacheka ya dereva wa lori. Aliyoyasema sikuandikii. Wewe ulitunza siri yake ukinificha, na mimi nitaitunza na wewe ukiwa unaijua.

Nilikuwa na hasira na wewe ambazo nilikuandikia sitazimaliza siku ile. Zimekwisha. Njoo umwone Mama, viti vya harusi vitasubiri.

Ilipofika saa ya kulala alikuwa bado anaongea. Chakula kilikuwa kimepoa chote, na tulikila hivyohivyo.

Dada yako